Onyesho la Sakafuni

Merrin Coad hakujua kujidogosha. Alikulia katika shamba la matofaa kusini mwa Tasmania, na ufundi wa kurusha na kudaka alijifunzia kwenye matofaa yaliyopukutika, moja hewani, mawili mkononi, kisha yote matatu hewani. Alipokwenda mjini Launceston kusomea uuguzi, akawakusanya wanafunzi wenzake, akawanoa, wakaanza kuzungukia makao ya wazee kila Jumapili. Wenzake waliingia wakisitasita mlangoni. Yeye aliingia kama mwenye nyumba.

Jumapili moja walimaliza onyesho lao la kurusha mipira, makofi yakapigwa, na Merrin akapita kusalimia kiti kwa kiti. Akafika kwa Mzee Clarrie, fundi bomba mstaafu, ambaye shingo ilimpinda mpaka kidevu kikalalia kifua.

"Umeonaje, mzee?"

"Viatu vizuri," akajibu. "Ila yule mrefu, kamba zake zimelegea. Ataanguka huyo."

"Na mipira je?"

"Mipira ipi? Mimi, binti, tangu shingo initupe, nchi yangu ni hili zulia."

Merrin akachuchumaa mpaka akauona uso wake. Macho yalikuwa ya buluu, yamejaa utundu.

"Basi Jumapili ijayo nitakuletea hukohuko chini."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ngoja uone."

Nje, Hamish, yule mrefu, alimshika mkono. "Umeahidi nini wewe? Hakuna kati yetu aliyewahi kudundisha hata mpira mmoja sakafuni."

"Tuna wiki nzima."

"Na mtihani Alhamisi."

"Nao nitafaulu."

Akanunua mipira ya raba, akajifungia kwenye chumba cha kufulia cha bweni. Mipira ikampiga magoti, mmoja ukatumbukia ndani ya mashine yenye nguo za watu. Akacheka, akautoa, akaanza upya. Kufikia Jumamosi alikuwa akidundisha mitatu bila kuisaka.

Lakini kwenye zulia mipira haidundi. Jumapili ilipofika, Merrin akaenda moja kwa moja jikoni kwa wale wazee, akamwomba Dulcie mpishi ubao wa meza ya kukunja.

"Mkiuvunja," Dulcie akasema, "chai mtakunywa kwa jirani."

Wakaulaza mbele ya miguu ya Mzee Clarrie. Merrin akapiga magoti, akaachia mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Du, du, du. Macho ya mzee yakaanza kwenda nayo, kushoto, kulia. Upande wa pili Bibi Verna, ambaye kichwa chake kiliinama siku zote na kila mtu alidhani husinzia tu, akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kidole, sambamba na mdundo.

Mpira mmoja ukachoropoka. Mzee Clarrie akaukanyaga kwa ndara.

"Wa kushoto unachelewa," akasema.

"Najua. Rudisha."

"Kwanza sema tafadhali."

"Tafadhali, mzee."

Akausukuma kwa kidole gumba cha mguu. Merrin akaudaka bila kuivunja mizunguko ya ile miwili, na mzee akatoa kicheko cha kifuani. Tangu hapo akawa anaizuia kwa makusudi, na Merrin anamwomba, na ukumbi mzima unasubiri kuona atakubali au atakataa.

Dulcie alikuja na skonzi zake mara mbili, asipate wa kumpokea. Hatimaye Bibi Verna akazungumza, kichwa chini vilevile.

"Leteni ubao huku. Huyo ameshaona vya kutosha."