Trekta Lililomkataa Ardis

Katika vilima vya magharibi ya Wisconsin, Marekani, aliishi Verlyn Tostrud, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Nyumbani kwake hakuna kilichoharibika kikamwona fundi mwingine ila yeye. Mkewe, Ardis, alishazoea kula chakula cha jioni huku skrubu zimetapakaa mezani.

Majira ya kuchipua, Verlyn alitoka mnadani na trekta dogo la kukatia nyasi, kuukuu, rangi imepauka. Nyasi zilikuwa kazi ya Ardis, maana goti la Verlyn lilikuwa bovu. Basi ikawa ajabu: akilipanda Verlyn, linanguruma vizuri, akilipanda Ardis, halimalizi mteremko, linakohoa na kuzimika.

"Hata chuma kinanidharau," Ardis alilalama.

"Usilisingizie. Labda unakanyaga vibaya."

"Trekta la baba nimeliendesha tangu miguu haijafika kwenye pedeli. Leo wewe unifundishe kukanyaga?"

Verlyn alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akamwaga petroli na kutia mpya. Wapi! Mpaka siku moja, akiwa juu yake injini inawaka, aliinuka kidogo kuokota kofia, trekta likanyamaza. Akakaa, akawasha, akainuka, likazimika. Alilala chali akachungulia chini ya kiti. Palikuwa na swichi ya kuzima injini mwendeshaji akiondoka kitini, nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Uzito wa Verlyn uliweza kuibonyeza. Ardis, mwembamba kama ufito, kila akirushwa na tuta, swichi iliachia.

Jirani yao, Orrin Skaar, alikuwa ameegemea uzio akitazama.

"Agiza nyingine," alisema.

"Nitaagiza. Kwa sasa naunganisha nyaya hizi mbili, swichi ikae pembeni. Nyasi zinafika magotini."

"Hiyo haikuwekwa kwa urembo, bwana."

"Orrin, wewe hata kisu cha siagi unakiogopa."

Jioni Ardis aliuliza, "Lilikuwa na nini?"

"Waya tu. Limepona."

Wala hakusema zaidi. Swichi mpya aliiahirisha leo, akaiahirisha kesho, mwisho akaisahau.

Siku moja baada ya mvua, Ardis alikuta tawi limeanguka mteremkoni. Alivyolijua trekta lile, lilizimika lenyewe kila alipoinuka kitini, basi hakujisumbua kulizima. Aliinuka tu, akashuka. Trekta halikuzimika. Liliendelea kushuka, visu vikizunguka, gurudumu la nyuma likamwangusha na kupita juu ya mguu wake, kisha likajibwaga mtaroni. Verlyn alisikia ukelele akiwa jikoni. Alikimbia kwa goti lile lile bovu, akaanguka, akainuka, akafika akitambaa.

Madaktari waliunga kifundo cha mguu kwa vyuma. Verlyn alikaa kando ya kitanda, kofia mikononi.

"Ardis, ile swichi..."

"Orrin ameshaniambia." Alikuwa akitazama dirishani. "Nimekaa hapa nangoja kuisikia kwako."

Akamweleza yote. Ardis hakupiga kelele, na hilo lilimchoma mumewe kuliko matusi.

"Nisingeshuka," alisema mwishoni. "Ungeniambia, nisingeshuka vile."

Verlyn alifunga swichi mpya kabla mkewe hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Ardis hakulipanda tena trekta lile. Verlyn alikata nyasi mwenyewe, goti likimvimba. Orrin alipojitolea kumsaidia, alikataa.

Tangu hapo, kila Verlyn alipotengeneza kitu, iwe bomba au kibaniko cha mkate, Ardis alivuta kiti karibu, akanyoosha mguu wake wenye vyuma, akamuuliza, "Umefanyaje?" Naye Verlyn alieleza, hatua kwa hatua, bila kuruka. Ardis alisikiliza hadi mwisho. Kama alimwamini au la, hakusema.