Florini Juu ya Ukuta

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Mbulu, na sifa ziliniponza. Kwenye ukuta mzima wa maabara nilichora, kwa rangi ya mafuta, nishati inayotoka atomi zinapopokea elektroni. Florini nikaiweka juu kabisa, klorini chini yake.

Siku ya wazazi nikamwita Paskalina wa kidato cha sita awaeleze wageni. Akasita.

“Samahani, mwalimu. Klorini ndiyo inayotoa nyingi zaidi. Florini ni ndogo mno, elektroni zake zimebanana, kwa hiyo ngeni ikija zinaisukuma.”

Mkuu wa shule akafungua kitabu, kisha akanitazama mimi.

Mama yake Paskalina akasimama kwa wasiwasi. “Mwanangu amekosea?”

“Hapana, mama. Nimekosea mimi.”

Vigelegele vikapigwa. Paskalina akachukua brashi, nami nikamshikia ngazi.