Kalenda Isiyo na Leseni

Binti yangu hutengeneza tovuti, akiungaunga vipande vya programu ambavyo wengine wameviandika na kuviweka wazi mtandaoni. Jana bosi wake alimfuata hadi sebuleni kwetu, kwani tovuti ya zahanati ilitakiwa kufunguliwa kesho yake na haikuwa na kalenda ya miadi ya wagonjwa.

"Dada, weka ile niliyokutumia. Ni ya bure, kila mtu anaisifu."

"Aliyeiandika hakuweka leseni, bosi. Ametuonyesha tu, hajaturuhusu. Siku yoyote anaweza kutuambia tuiondoe."

"Nani atatukagua sisi? Weka, au nimpe kazi mtu mwingine."

Nilitamani binti akubali, maana kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini mimi zamani nilijenga kwenye kiwanja cha shemeji kwa ruhusa ya mdomo tu. Mume wangu alipofariki, shemeji alinitoa na masufuria yangu, binti akitazama.

"Basi mpe," akasema binti. "Au niweke kalenda hii ndogo. Haina madoido, ila leseni inayo."

Bosi alitazama saa, akasonya.

"Haya, weka hicho kinyago chako!"

Binti akaanza kuiweka. Mimi sikumkaribisha bosi hata maji.