Siku Nilipomsingizia Mama Nyamizi Mbele ya Wafuga Nyuki

Mke wangu ananikataza kulisimulia hili, maana kila nikilisimulia masikio yananichoma upya, lakini leo acheni niseme, aibu ikikaa sana tumboni inachacha.

Mimi ndiye niliyekitengenezea chama chetu cha wafuga nyuki wa Uyui tovuti ya kuuzia asali, nikaiweka kwenye seva ya kukodi (zile za kulipia kila mwezi, mashine yenyewe iko ughaibuni, wewe unaiendesha kwa mbali umekaa zako nyumbani Chemchem na kikombe cha chai). Siku moja ikazima dakika chache, basi badala ya kutafuta sababu nikaandika kaprogramu ka kuichungulia kila dakika, ikilala kaiamshe. Nikakapa jina: Shujaa. (Nichekeni tu, nastahili.)

Kuanzia wiki ile seva ikawa inaanguka kila alasiri. Naiwasha, kesho alasiri chali. Wateja wa Dar wanampigia mwenyekiti, mwenyekiti ananipigia mimi, na mimi badala ya kufungua logi, yaani lile daftari ambamo seva huandika kila kinachoipata, nikatazama saa nikakumbuka kwamba alasiri ndipo Mama Nyamizi, katibu wetu, anapopandisha picha za asali anazopiga mwenyewe. Mama mtu mzima, kompyuta nimemfundisha mwenyewe, anabofya kwa kidole kimoja. Nikasema ni huyuhuyu.

Nikasimama kwenye kikao cha wanachama pale Isikizya, nikatamka bila kupepesa, "Tovuti inauawa na mapicha makubwa ya Mama Nyamizi."

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, mbona nazipunguza kama ulivyonielekeza?"

Nikamjibu (Mungu anisamehe), "Mama, haya mambo ni ya kitaalamu."

Watu wakacheka. Akanyang'anywa nywila palepale, akajifunga kitenge vizuri, akaketi.

Wiki mbili seva ikaendelea kuanguka vilevile, bila picha mpya hata moja, nami bila haya nikawa nasema eti zile za zamani bado zinaisumbua.

Kikao kilichofuata mwenyekiti akaja na binti yake, Kabula, anayesomea kompyuta chuoni. Akanisalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Kaka, logi zinasemaje?" Nikaona soni kukiri kwamba sijawahi kuzifungua, nikajitia ujasiri, nikaunganisha laptop kwenye projekta ili wote waone. Ukuta ukajaa maandishi: memori imeisha, na chini yake orodha ya programu zilizoimaliza. Shujaa. Shujaa. Shujaa. Mstari kwa mstari, maana nilivyomtengeneza, kila dakika anaingia Shujaa mwingine na yule wa kwanza hajatoka, ikifika alasiri wameijaza seva nzima, haina hata pa kupumulia.

Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Huyo Shujaa ni nani? Ni mwanachama?"

Kabula alikuwa ameshaelewa. Akatazama chini. Nikasema mwenyewe, "Ni programu yangu." Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wote waligeuka kumtazama Mama Nyamizi.

Kesho yake nikaenda kwake. Nikamwamkia shikamoo nimeinama, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na karanga za kuchemsha kama siku zote. Nikaomba radhi, nikamwambia nywila yake imerudishwa. Akaendelea kumenya karanga.

"Radhi nimekupa, mwanangu. Lakini kompyuta ile siigusi tena. Walinicheka, na wewe umesimama unawatazama."

Hajaigusa mpaka leo. Picha napiga na kupandisha mimi, nazo ni mbaya kwelikweli, wateja wanauliza yule aliyekuwa anapiga zamani kaenda wapi. Nimeapa kwamba kitu chochote kikiharibika nitaanza kukagua kazi ya mikono yangu kabla sijataja jina la mtu, na kiapo hicho nakishika. Kinachonishinda ni kuwajibu wale wateja.