Mbwa Watano wa Kambere na Miguu ya Jemima

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Emérence alikaa kwenye kigoda, akaweka mguu wa binti yake juu ya mapaja, akachomoa pini kwenye pindo la kitenge na kuanza kutoa funza. Jemima, mwenye miaka sita, aliuma kola ya nguo yake na kutazama simbilisi wakikimbizana jikoni.

Mume wa Emérence, Kambere, alikuwa mwindaji. Ndivyo alivyojiita. Pale kijijini Vuhovi msitu uliisha zamani ukawa mashamba ya mihogo, na nyama ya mwisho aliyoleta nyumbani ilikuwa panya mmoja, naye aliuawa na sumu ya jirani. Lakini mbwa alikuwa nao watano, njuga shingoni kama wanakwenda harusi. Mchana walizurura sokoni, kwenye mabanda ya nguruwe ya watu, katika kila ua. Jioni walirudi kulala jikoni, kwenye udongo uleule aliolalia Jemima.

Na si kwamba Kambere alisahau kuwafukuza. Yeye ndiye aliyewaweka pale.

"Funza inapenda damu ya moto," alisema. "Mbwa ikilala karibu na mutoto, funza yote inahamia kwa mbwa. Njo dawa yetu siye bawindaji."

"Donc miye natoaka nini kila asubuhi? Mbegu ya nyanya?"

"Unatoa zile zinachelewa kuhama."

Ikafika siku Jemima akashindwa kukanyaga kisigino. Alitembea kama bata, na masomo akayaacha. Emérence akamwita Mumbere, mwuguzi wa kituo cha afya.

Mumbere hakuanza na mtoto. Alimkamata mbwa mkubwa, jina lake Kapita, akamlaza chali, akapanua vidole vyake. Humo mlijaa vivimbe vyeupe vyenye nukta nyeusi, vimebanana kama punje kwenye gunzi.

"Baba Jemima, angalia. Mayai inaanguka hapa chini, inakuwa funza, inapanda kwa mutoto. Mbwa inaiokota kule inazunguka, inaitapanya kila fasi. Mutoto nitamutibu leo. Lakini akilala tena na hizi mbwa, hizi vidole zitaoza. Uzitoe jikoni, uzifunge, tuzitibu zote."

Kambere aliutazama ule mguu wa mbwa muda mrefu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, wakingoja mtu mzima aone haya.

"Munaona?" akasema. "Mutoto njo ameambukiza Kapita. Sasa itakimbia namna gani?"

Watu wakacheka. Emérence hakucheka.

"Baba Jemima, nakuuliza mara moja tu. Mbwa zinatoka jikoni, ao miye natoka na mutoto?"

"Mbwa ya kufunga inakuwa mbuzi. Na weye enda kwa dada yako Butembo, ulale kwa simenti. Baridi itakurudisha."

Emérence akangoja Mumbere amalize kupaka dawa. Akaifunga miguu ya Jemima kwa kitambaa safi, akambeba mgongoni, mkubwa vile alivyokuwa, na beseni la nguo akalitia kichwani.

Kambere alibaki ameinama, anapulizia mguu wa Kapita. Alipoona mkewe amefika barabarani, ndipo akaita:

"Mama Jemima, na mbwa nani atazipikia?"

Emérence hakugeuka. Alishika njia ya kilima kwenda Butembo, na mpaka leo hajarudi.