Uji wa Beu na Damu ya Masereka

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Masereka na gunia la viazi na hukumu. Viazi alivishusha mlangoni. Hukumu aliitoa akiwa bado amesimama, kabla sijampa kiti: mtoto wangu alikuwa amelogwa, na aliyemloga ni mama yangu mzazi.

"Mutoto alitoka hapa muzima," alisema. "Alienda kwenu Beu, alikula uji ya mama yako, akarudia na mikono ya kuvimba. Donc, basi, madamu, unataka nitafute mulozi wapi tena?"

Aliniita "madamu" kwa sababu nilikuwa nafundisha biolojia sekondari hapo Butembo, na neno hilo kinywani mwake lilikuwa tusi. Nilimchukia tangu siku ile, wala sitajifanya kwamba chuki hiyo imekwisha.

Lakini niseme haki yake, maana alikuwa nayo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Binti yangu alizaliwa katikati ya vita, mnono, mchangamfu, hajawahi hata kukohoa. Alipoanza kukaa mwenyewe nilimpeleka Beni, mtaa wa Beu, mama yangu amwone, kwa kuwa barabara ilikuwa imefunguka kidogo na hakuna aliyejua itafungwa lini. Mama alikuwa ametwanga ulezi akitusubiri. Alimpakata mjukuu wake, akampa uji wa kwanza maishani mwake, kijiko kwa kijiko, huku akimwimbia. Tukarudi Butembo. Haukupita muda, vidole vya mtoto vikavimba kama maandazi, vya mikono na vya miguu, macho yakawa manjano, akawa analia ukimgusa na ukimwacha. Kwenye kituo cha afya walimpa kinini, kama walivyompa kila mtu wakati ule. Haikumsaidia kitu.

Kwa hiyo uji ulitangulia na ugonjwa ukafuata. Mtu yeyote mwenye macho angeona hivyo.

Na wakati wa vita tuhuma haikuishia kwenye midomo ya watu. Mdogo wa mume wangu alikuwa ameingia msituni, ana bunduki na vijana nyuma yake. Mama mkwe alinitajia jambo hilo polepole, huku akipanga viazi pembeni ya ukuta: familia ingekaa kikao Jumapili tukitoka misa, na wakikubaliana, shemeji yangu angepita Beu na vijana wake. "Watamuuliza tu mama yako," alisema. Sote tulijua jinsi vijana wale walivyouliza watu maswali.

Mimi niliijua sababu ya mikono ile. Nilikuwa nimeitambua kwenye macho ya manjano. Nilikuwa na hadubini ya shule, niliyoificha nyumbani ndani ya gunia la maharagwe tangu askari walipovunja meza za maabara na kuzifanya kuni. Ilikuwa ya zamani, inayotumia kioo na mwanga wa dirisha, haikuhitaji umeme. Nilichukua tone la damu ya mtoto, nikaliweka chini ya kigae cha kioo, nikaziba kingo zote kwa vazelini ili hewa isiingie, nikasubiri. Seli nyekundu ambazo zingebaki mviringo zikajikunja, zikachongoka kama mundu. Ni drepano, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikapima na damu yangu, nazo zangu zikajikunja baadhi. Nilibeba nusu ya ugonjwa bila kuumwa.

Basi nikafanya kile ambacho mwalimu hufanya. Nilimkalisha mama mkwe wangu jikoni, nikamfundisha.

Nilimwambia kwamba kila seli ya mwili ina maandishi yote ya mwili, kwenye uzi mrefu uitwao ADN, lakini haiyasomi yote. Seli ya ini haisomi ya jicho. Kinachoamua nini kisomwe ni protini fulani zinazotembea juu ya uzi ule zikiupapasa, mpaka zikute herufi chache zinazolingana na umbo lao. Hapo zinashika. Zinashika kwa vifungo vidogo vingi, kimoja kimoja dhaifu, vyote pamoja imara. Protini nyingine zikishika, huita mashine ya kunakili, nayo jeni iliyo jirani hunakiliwa na kazi yake huanza. Nyingine zikishika huwaita wenzao, wakaukaza na kuukunja uzi, mashine isipate pa kukanyaga, na jeni ile hunyamaza. Wala hakuna inayofanya kazi peke yake. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na uzi hupinda ili ile iliyo mbali iifikie ya karibu.

Alinisikiliza huku akimenya viazi. Nikaona nimempata, nikaendelea.

Nikamwambia kwamba mtoto aliye tumboni ana damu ya namna yake, na jeni yake ya kuitengeneza. Akishazaliwa, protini zile huanza kuifunga jeni hiyo pole pole, na kuifungua nyingine, ya damu ya watu wazima. Kazi hiyo huchukua miezi. Inakaribia kwisha wakati uleule ambapo mtoto anakaa, anaota meno, anaanza uji. Kwa watoto wengi hakuna anayehisi chochote. Binti yangu jeni yake ya utotoni ilikuwa nzima, ndiyo maana alinenepa. Jeni ya ukubwani ndiyo mbovu, kutoka kwa wazazi wote wawili. Ile nzima ilipofungwa, ugonjwa ukatoka. Ungetoka hata kama angekula uji wa Butembo, hata kama asingekula kabisa.

Aliweka kisu chini.

"Donc kulikuwa kitu kizuri ndani ya mutoto," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kitu kingine kikaingia, kikashika ile kizuri, kikaifunga."

"Haikuingia, mama. Ilikuwa ndani mwake tangu mwanzo."

"Nani aliituma?"

"Hakuna aliyeituma. Ni mwili wenyewe."

"Ni nani mwenye kufunga ile kitu? Jina yake?"

Jina la kile kinachofunga halikuwa likijulikana wakati ule. Mwalimu wetu wa chuo alituambia hivyo waziwazi: inayofungua jeni ya ukubwani imepatikana, inayofunga ya utotoni bado inatafutwa. Niliona ni aibu kudanganya. Nikasema haijajulikana bado.

Mama mkwe wangu alicheka. "Njo ile minasema mimi! Kitu hakina jina, kinafunga mutoto wakati anakula uji ya mama yako. Wewe mwenyewe unasema. Lakini mimi nikiita ulozi, unaniita mujinga."

Siku ya pili yake mtaa mzima ulikuwa na habari: madamu mwenyewe amekubali kwamba mtoto amefungwa. Nilitaka kupasua kitu. Nilikuwa nimempa fimbo, naye akaanza kuitumia bila kupoteza muda.

Ikabaki njia moja. Drepano haitoki upande mmoja. Kama damu ya mume wangu nayo ingejikunja, kikao kingelazimika kuuliza maswali Masereka kama kilivyotaka kuuliza Beu. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mpole mbele za watu, anayejua kusalimia. Nilimwomba tone moja la damu. Akasema damu yake si ya kuchezea. Nikamwomba tena, akakumbuka ana mteja. Siku iliyotangulia kikao nilimwambia kwamba Jumapili nitasimama mlangoni mwa kanisa, niwaambie wote wanaotoka misa kuwa mwanamume mzima ameogopa sindano. Akaketi karibu na dirisha, akanyoosha kidole.

Nikaziba kioo kwa vazelini. Tukasubiri, mtoto akinung'unika mgongoni kwa bibi yake uani. Nilipoangalia, baadhi ya seli zake zilikuwa zimejikunja, nami nilihisi furaha chafu ambayo sijawahi kuihisi tena. Nilimsogezea hadubini aangalie mwenyewe.

Aliangalia muda mrefu. Kisha akachukua kile kioo, akakipangusa kwa shati lake, akakirudisha mezani kikiwa safi.

"Hapana sema kwa mama," alisema.

"Na mama yangu je?"

"Mama ya mutoto, sikia. Mama yako yeye amezeeka tayari. Wangu, batu ba Masereka watamusema nini?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayepanga safari. Nimeishi na sentensi hiyo tangu siku ile. Vijana wenye bunduki walikuwa wanajiandaa kwenda kumuuliza mama yangu, naye alikuwa anapima ni mwanamke gani mzee asiyemgharimu sana. Nilimwangalia nikaona sina mume.

Nikatoka uani. Mama mkwe alikuwa anachochea moto, mtoto amemfunga kwa kitenge mgongoni. Nikamwambia palepale: damu ya mwanao imejikunja, mwenyewe ameiona, ameipangusa kwa shati. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Aliendelea kusogeza kuni.

"Minajua," alisema.

Sikumwelewa.

"Mbele ya kuzaa bwana yako nilizaa wawili. Walinona hivi hivi. Wakafika kukaa, mikono ikavimba, ikavimba na miguu, wakakufa wote wawili. Siku nilisikia mikono ya huyu imevimba, nikaijua." Alifuta macho, sijui kwa moshi au kwa nini. "Walisema mulozi ni mimi. Mama ya bwana wangu alisema mbele ya batu bote. Nilibeba peke yangu. Hakuna mutu alileta mashini yake kunitazamia damu."

"Basi kwa nini unamfanyia mama yangu vilevile?"

Akanitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi mzito.

"Kwa sababu kama haiko yeye, watarudi kwangu."

Nilifungua kitenge, nikamchukua mtoto mgongoni mwake. Hakunizuia. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Baadaye, labda. Wakati ule nilimwona tu amesimama kati ya mama yangu na uhai, na nikamtukana kwa tusi ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu mzima.

Sikusubiri kikao. Alfajiri nilipanda lori la viazi kwenda Beni, mtoto kifuani. Kwenye kizuizi askari alipiga bodi ya lori kwa kitako cha bunduki, akauliza kwa Kilingala ninakokwenda, "Mama, okei wapi?" Nikamwambia nampeleka mtoto mgonjwa. Alipoona macho ya manjano alirudi nyuma, akatupitisha. Ugonjwa ule ulitusaidia mara hiyo moja.

Mama nilimkuta Beu anafagia. Nilimwambia afunge vitu vyake, nikamweleza njiani. Tulivuka Beni hadi Mbau, kwa dada yake aliyelima kando ya barabara ya Oicha. Shemeji yangu alifika kweli. Alikuta nyumba tupu, akachoma jiko na kuondoka na kuku.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wamelipata jina la protini inayofunga jeni ile, na kwamba kuna wanaotafuta namna ya kuizuia isishike, ili damu ya utotoni iendelee. Niliisoma habari hiyo nikiwa na hasira, nikijua kwamba hata kama ningelitaja jina hilo jikoni, lisingebadilisha kitu.

Binti yangu aliishi. Alilazwa mara nyingi, aliongezewa damu, alikua mwembamba na mkali wa ulimi. Mama yangu nilimweleza yote, taratibu, kwa Kinande na kwa Kiswahili, mpaka akaweza kumweleza jirani bila kukosea: jeni hii inafungwa, ile inafunguliwa, uji haumo. Alielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Lakini tangu Beu hakuwahi tena kumlisha mjukuu wake. Alipika, akapakua, na mtoto aliponyoosha mikono kwake, aliipitisha sahani juu ya kichwa cha mtoto na kunipa mimi.