Barua Niliyonyimwa Muhuri

Naikumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nimejibanza barazani kwa Mzee Kimaro, Kariakoo, vitabu vyangu vya mtumba nimevifunika nailoni. Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha kidato cha pili, nikakaanga samaki soko la Feri, nikachomelea mageti Ilala, mwisho nikaona heri niuze vitabu, kwa sababu nilivisoma bure. Udadisi ndio ulikuwa maradhi yangu, na sijapona hadi leo.

Akaja Zuhura, binti wa mama mmoja muuza vitumbua wa Mchafukoge. Tangu akiwa mdogo, kila akitoka shule alichutama kwenye vitabu vyangu akasoma. Hanunui, nami simfukuzi. Sasa alikuwa amemaliza kidato cha sita, na chuo kikuu kimoja cha nje kilikuwa kinafikiria kumsomesha bure. Kilitaka barua mbili: moja ya mwalimu wake, nyingine ya mtu mzima anayemfahamu nje ya shule, asiye ndugu.

"Kaka, we ndo unanijua," alisema. "Andika Kiswahili tu, Mwalimu atatafsiri. Ila hii ikigoma, mi basi tena. Nakaanga vitumbua na mama."

Kichwa kilinivimba. Mimi wa kidato cha pili naandikia chuo kikuu! Lakini barua pekee niliyoijua ni ile ya mjumbe wa nyumba kumi, ya kumtambulisha mkazi. Nikaiga: "Ninamtambua mtajwa hapo juu. Ni mkazi wa Mchafukoge, mwenye tabia njema na bidii. Hana rekodi ya uhalifu. Naomba apewe ushirikiano." Na kwetu, barua bila muhuri ni karatasi tu. Nikaingia dukani kwa Mzee Kimaro, Mchaga aliyeuza vyombo kwa jumla na aliyenivumilia barazani kwake kama mwanawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kununua, au kuuliza maswali?"

"Naomba muhuri."

Akaisoma, akanitazama juu ya miwani. "Huyu kaiba nini?"

"Hajaiba, mzee! Ni Zuhura!"

"Mbona unamtetea? Hata paka wangu hana rekodi ya uhalifu. Nimpeleke chuo kikuu?"

Vijana wa dukani wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Futa jina la Zuhura, weka la yule mpiga debe pale nje. Barua itabadilika nini?"

Akanivutia kigoda. "Nikitafuta kijana wa dukani, mtu akaniambia fulani ni mwaminifu, namuuliza: ulimwona akifanya nini? Haya, wewe ulimwona Zuhura akifanya nini?"

Nikamsimulia. Masika moja rojo la vitumbua lilikataa kuumuka kwa baridi, na mama yake akawa anapoteza wateja. Zuhura akasoma habari za hamira kwenye kitabu changu kimoja, akaligawa rojo: sufuria moja akaiacha dirishani, nyingine akaifunga blanketi, nyingine akaiweka karibu na jiko. La karibu na jiko likachacha, mama akamfokea mtaa mzima ukasikia. Kesho yake akarudi kwangu, macho yamevimba, anatafuta kitabu kingine. Akajaribu tena na tena, mpaka akapata joto linaloumua rojo bila kulichachua.

"Na upungufu wake?"

"Mzee! Niandike na upungufu?"

"Ukimsifia mtu kama malaika, msomaji atajua hujawahi kukaa naye. Sema kweli isiyomwangusha."

Nikakiri kwamba Zuhura ni mgumu kuomba msaada, hung'ang'ana peke yake mpaka akwame, ingawa siku hizi ameanza kuuliza.

"Sasa nami nimemwona," alisema. "Andika hivyohivyo. Na useme wewe ni muuza vitabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nikaandika upya palepale kaunta, nikamsogezea. Akairudisha. "Muhuri wangu wa nini? Mimi binti huyu namjua kwa jina tu. Aliyemwona ni wewe. Weka sahihi yako."

Barua ikaenda. Kikapita kimya kirefu, nikaanza kumkwepa Zuhura kwa hofu. Halafu asubuhi moja akaja mbio, kanga inamwanguka. "Kaka! Wamenipigia simu ya usaili. Swali la kwanza, vitumbua! Eti rojo la karibu na jiko lilichacha kwa nini? Nimeongea mpaka sikio likawaka moto!"

Wakamchukua. Alipokwisha kuondoka, mama yake aliniletea barazani sahani ya vitumbua. Vilikuwa vimeumuka vizuri, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Mwanangu, leo ukiwa mwalimu au bosi, maombi ya barua yatakuja kwenye simu yako, na kishawishi kitakuwa kunakili ya mwaka jana na kubadili jina. Usifanye hivyo. Ukisema ana bidii, tuonyeshe pale alipohangaika. Kama humjui, mwambie mapema amtafute mwingine. Kukataa mapema nako ni msaada. Na wewe unayeomba, usikimbilie mwenye cheo. Mwendee aliyekuona, tena umpe nafasi ya kukukumbuka.

Mungu akujaalie macho ya kuwaona wenzako. Na siku utakayohitaji kusemewa, akupe mtu aliyekuona.